Kanda tupu za Dubai na harusi zilizomo ndani yake

Kwa takriban miaka 20, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, msafiri aliyerejea Unguja, Mombasa au Dar es Salaam akitokea Dubai hakutazamiwa kurudi mikono mitupu. Pamoja na dhahabu, nguo na redio, ndani ya mizigo yake zilikuwemo kanda za video. Baadhi zilikuwa na filamu tayari. Nyingine zilikuwa tupu, zimefungwa kumi kumi ndani ya karatasi ya nailoni.

Zilizogombaniwa ni zile zenye filamu. Jirani aliomba kuazima kabla mwenyewe hajaitazama, na watoto wa mtaa mzima walijaa sebuleni. Kanda tupu zilitiwa kabatini zikingoja siku ya shughuli.

Hii leo hesabu imegeuka. Filamu nyingi zilizotazamwa wakati huo zinaweza kupatikana tena, katika santuri za DVD au kwenye mtandao wa intaneti. Lakini harusi, maulidi na hitima zilizorekodiwa katika kanda tupu mara nyingi hazina nakala nyingine popote duniani, na kanda zenyewe zinaharibika kila mwaka unaopita.

Kwa nini Dubai

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hiyo katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Tanga na Mwanza, video ilitangulia matangazo: televisheni ilinunuliwa ili iunganishwe na mashine ya kuchezea kanda, ambayo Waswahili waliipa jina la deki.

Mwaka 1984 Tanzania ilianza kulegeza masharti ya biashara, na wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa ambazo kwa miaka mingi zilikuwa adimu madukani. Bandari ya Rashid mjini Dubai ilikuwa imefunguliwa mwaka 1972, ile ya Jebel Ali mwaka 1979, na eneo huru la biashara la Jebel Ali likaanzishwa mwaka 1985. Vifaa vya elektroniki kutoka Japani vilishushwa hapo kwa wingi na kusafirishwa upya kwenda Iran, Bara Hindi na pwani ya Afrika, vingine kwa majahazi yaliyopakia mizigo kando ya Khor, ule mkono wa bahari unaoukata mji huo katikati.

Mnunuzi kutoka Afrika Mashariki hakuwa mgeni kabisa huko. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, familia nyingi za Unguja na Pemba zilihamia nchi za Ghuba, na katika mitaa ya Deira Kiswahili kilisikika dukani. Wanunuzi walizunguka maduka ya Naif, Al Sabkha na uwanja wa Baniyas, kisha wakavuka kwa abra, mashua ndogo za abiria, hadi ng'ambo ya Bur Dubai, ambako mtaa wa Al Fahidi ulijaa maduka ya redio, kamera na deki. Shirika la ndege la Emirates lilipoanza safari za Nairobi mwaka 1995 na za Dar es Salaam mwaka 1997, safari ya Dubai ilikuwa imekwisha kuwa kazi ya kudumu ya watu wengi, wanawake wakiwa miongoni mwao.

Zilizokuja na filamu

Filamu za Kihindi ndizo zilizotangulia kwa mapenzi ya watu. Makampuni ya Dubai, Al Mansoor likiwa miongoni mwa yaliyojulikana zaidi, yalisambaza kanda zake katika nchi za Ghuba, mara nyingi zikiwa na maandishi ya Kiarabu chini ya picha. Wengi waliokulia pwani katika miaka hiyo wanayakumbuka matangazo ya biashara ya Dubai yaliyotangulia mchezo, kana kwamba ni sehemu ya mchezo wenyewe.

Kanda hizo hazikuwa kamili kila mara. Wizara ya Habari ya Umoja wa Falme za Kiarabu ilizikagua filamu kabla ya kuuzwa, na yaliyoonekana kukiuka maadili yalikatwa. Aliyeshangaa kuona bwana na bibi wakikaribiana kisha ghafla wakawa barabarani ndani ya gari, hakuwa na kanda mbovu. Alikuwa na kanda iliyokaguliwa.

Kulikuwa pia na nakala zisizo halali, nazo zilikuwa nyingi. Sheria ya hakimiliki ya nchi hiyo ilipitishwa mwaka 1992 na ikaanza kusimamiwa kwa dhati mwaka 1994. Kabla ya hapo, tofauti kati ya kanda halali na isiyo halali ilikuwa bei tu, na kwa mfanyabiashara wa kibanda cha video wa Afrika Mashariki tofauti hiyo haikuwa na uzito. Vibanda hivyo vilisambaa mijini na vijijini. Humo walipata umaarufu wafasiri waliosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, kama Lufufu wa Dar es Salaam, wakati majumba ya sinema ya zamani yakipoteza watazamaji.

E-180 au T-120?

Kununua kanda tupu kulihitaji ujuzi zaidi kuliko kununua filamu, na makosa yaliyofanyika dukani wakati huo ndiyo yanayojitokeza sasa.

Jambo la kwanza lilikuwa herufi iliyoandikwa ubavuni. Kanda za VHS, mtindo uliobuniwa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976 na ambao uliushinda ule wa Betamax wa Sony, zilipimwa kwa dakika, lakini si kwa kipimo kimoja. Herufi E ilihusu nchi zinazotumia mfumo wa PAL, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda, Uingereza, Oman na Dubai yenyewe. Herufi T ilihusu mfumo wa NTSC wa Marekani, Kanada na Japani.

Utepe ulikuwa wa aina moja. Kilichotofautiana ni mwendo wa mashine. Deki ya PAL huvuta utepe kwa kasi ya sentimita 2.34 hivi kwa sekunde, na ile ya NTSC sentimita 3.34. Kwa hiyo kanda ya T-120, ambayo Marekani huchukua saa mbili, ikitiwa katika deki ya Mombasa hurekodi karibu dakika 170. Kanda ya E-180 ikipelekwa Toronto haifiki hata saa mbili na robo.

Tatizo kubwa zaidi lilikuwa kwa kanda iliyokwisha kurekodiwa. Harusi iliyopigwa picha Toronto na kutumwa Mombasa haikuonekana katika deki ya kawaida ya PAL. Picha ilipasuka na kupanda juu bila kutulia. Nchi kama Komoro, Burundi na Kongo zilifuata mfumo wa tatu, SECAM wa Kifaransa, na huko kanda ya PAL iliweza kuonekana, lakini bila rangi. Hii ndiyo sababu deki za mifumo mingi zilikuwa bidhaa iliyotafutwa sana Dubai. Mji uliokusanya watu wa kila nchi ulihitaji mashine inayosoma kanda za kila nchi.

Jambo la pili lilikuwa urefu. Taarabu ya harusi huweza kukesha hadi alfajiri, na mpiga picha hakutaka kubadilisha kanda mwimbaji akiwa katikati ya ubeti. Baadhi walinunua E-240, ya saa nne. Ili utepe mrefu utoshe ndani ya ganda lilelile, ulitengenezwa mwembamba zaidi, na utepe mwembamba hukunjamana na kuliwa na mashine kwa urahisi. Wengine walibana matumizi kwa kurekodi kwa mwendo wa nusu, hivyo E-180 ikabeba saa sita. Picha ilififia, na kanda iliyorekodiwa hivyo katika deki moja mara nyingine haikukubali kuchezwa vizuri katika deki nyingine.

Tatu, kulikuwa na kanda bandia. Jina la kampuni mashuhuri lilichapishwa juu ya ganda ambalo ndani yake mlikuwa na utepe duni, pengine mfupi kuliko ilivyoandikwa. Mnunuzi mzoefu alizipima kwa mkono, akachungulia katika kidirisha kuona unene wa utepe kwenye gurudumu, na akatazama kama herufi za chapa zilikuwa zimekolea sawasawa. Asiye mzoefu aliligundua kosa baadaye, sauti ilipokwaruza na kichwa cha deki kujaa uchafu uliobanduka kwenye utepe.

Palikuwa pia na kijipande cha plastiki nyuma ya ganda. Kikivunjwa, deki hukataa kurekodi juu ya kilichomo. Ni kitu kidogo mno, lakini kwa kutokivunja, ndoa za watu zilifutwa na mpira wa miguu.

Siri ya nyumba

Kwa familia zilizotawanyika, kanda ya harusi haikuwa kumbukumbu tu bali njia ya kuhudhuria. Bibi aliyekuwa Muscat na asiyeweza kurudi Unguja alimwona mjukuu wake akiozwa kupitia kanda iliyoletwa na msafiri, wiki kadhaa baada ya shughuli. Nakala zilitolewa kwa kuunganisha deki mbili, na kila nakala iliyotolewa kutoka nakala nyingine ilipoteza kidogo cha rangi na sauti.

Zile za upande wa wanawake zilikuwa na hadhi yake. Katika pwani ya Waswahili, singo, kupamba na kumtoa bibi harusi ni shughuli za wanawake peke yao, na waliomo huwa wamevua mabuibui. Familia nyingi ziliiona kanda ya namna hiyo kuwa siri ya nyumba, haiazimwi wala haitolewi nakala ovyo. Uangalifu huo uliwalinda waliomo ndani, lakini pia ulizifanya kanda hizo kuwa chache. Na sasa umezaa tatizo jipya: mwenye kanda anaogopa kuipeleka kwa fundi asiyemjua akaihamishie kwenye kompyuta, kwa sababu fundi ataitazama, na nakala ya kompyuta huweza kusambaa kwa dakika moja.

Wakati familia zikisita, kanda hazingoji. Hewa ya pwani yenye unyevu huotesha ukungu mweupe juu ya utepe, na joto hulegeza gundi inayoshikilia chembe za sumaku ambazo ndizo picha yenyewe. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Nakala hafifu iliyopelekwa Dubai au Muscat na kukaa miaka mingi katika chumba chenye kiyoyozi huenda leo ikawa nzima kuliko kanda ya asili iliyobaki kabatini Mji Mkongwe. Anayetafuta harusi ya wazazi wake hana budi kuwauliza jamaa wa Ghuba kabla ya kukata tamaa.

Mashine zinapokwisha

Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuendelea kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo mwezi Julai mwaka 2016, ikieleza ugumu wa kupata vipuri. Sony iliacha kuuza kanda za Betamax mwezi Machi mwaka huohuo. Mwaka 2019 shirika la UNESCO na jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti na picha, IASA, zilianzisha mradi wa kuzitahadharisha taasisi duniani kwamba kufikia karibu mwaka 2025 kuzicheza kanda za sumaku kungekuwa kugumu sana.  Hali ya makabati ya nyumbani nayo si bora.

Kanda yenye ukungu haifai kutiwa katika deki, kwani itakatika, na deki itaambukiza kanda zitakazofuata. Yapasa isafishwe kwanza na anayeijua kazi. Iliyo safi hupelekwa mbele hadi mwisho na kurudishwa mwanzo mara moja, ili utepe ulioshikamana kwa kukaa muda mrefu uachane, kisha ikachezwa huku ikirekodiwa kwenye kompyuta, kwa kuwa huenda isikubali mara ya pili. Ganda likiwa limevunjika si mwisho wa kanda: hushikwa na skrubu tano tu, na utepe waweza kuhamishiwa katika ganda jingine zima. Kwa kanda za siri ya nyumba, kifaa cha kuunganisha deki na kompyuta si kikubwa wala si kigumu kutumia, na binti wa familia anaweza kuifanya kazi hiyo nyumbani, mlango ukiwa umefungwa.

Kinachokosekana zaidi ni deki yenyewe. Maduka ya Deira na Al Fahidi yaliyokuwa yakizipanga hadi darini sasa yanauza simu. Na kwa familia yenye kanda za Unguja, Toronto na Moroni katika sanduku moja, deki yoyote haitoshi. Inahitajika ile ya mifumo mingi, ambayo pengine bado ipo chini ya kitanda cha mjomba aliyeibeba kutoka Dubai.