Ukienda Malta, Uliza Lifti Kwanza

Je, msomaji, umewahi kusimama chini ya ngazi ya vidato 53 ukijiuliza kama utaweza kumbeba mamako mgongoni? Mimi yalinifika hayo Aprili mwaka uliopita katika mji wa Valletta, kisiwani Malta, saa nne za usiku, mikononi nikiwa na masanduku mawili.

Kisa na maana? Mama amefunza watoto wa Shule ya Jumapili tangu nikiwa mdogo, na hamu yake ilikuwa moja: kuiona ghuba ambayo kwa mapokeo ndiko merikebu ya Mtume Paulo ilikovunjikia, kama inavyosimuliwa katika Matendo ya Mitume. Ndugu zangu nami tulichanga kwa miaka miwili. Kazi ya kutafuta malazi niliachiwa mimi, eti kwa kuwa ndimi mwandishi na ninajua kusoma maandishi madogo.

Malta imo katika eneo la Schengen tangu Desemba 2007, na anayeomba viza huonyesha mapema atakapolala, pamoja na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Kwa hivyo wewe huchagua chumba ungali Kenya, kwa kutazama picha. Na picha, kama ujuavyo, hazina vidato. Yangu ilionyesha kitanda cheupe, roshani ya mbao na bandari kwa mbali. Ghorofa ya tatu, bei nafuu. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Yangu ilivunja magoti ya mama.

Hebu nikueleze mji wenyewe. Valletta ulianza kujengwa mwaka wa 1566 na Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, mwaka mmoja baada ya kuuhimili mzingiro mkubwa wa Waturuki. Umejengwa juu ya kilima kilichozungukwa na maji pande tatu, na baadhi ya barabara zake ni ngazi tupu za mawe. Mshairi Mwingereza Byron, ambaye alikuwa akichechemea, alizilalamikia alipoondoka huko mwaka wa 1811. Tangu 2012 pana lifti ya umma yenye urefu wa mita 58 inayopandisha watu kutoka bandarini hadi bustani ya Upper Barrakka. Ndani ya nyumba niliyoikodi hapakuwa na lifti yoyote.

Tulimpandisha mama kidato baada ya kidato, akipumzika kila baada ya vinne. Kesho yake hakutoka. Alikaa dirishani akitazama meli, akasema hana neno, chakula kiletwe tu. Msomaji, hakuna kinachouma kama mzazi anayekwambia hana neno ilhali unamwona akikanda goti. Nilimwendea mwenye nyumba kudai pesa zetu. Akajibu kwamba sikumwuliza habari za lifti. Mgala muue na haki umpe: kweli sikuuliza. Pesa za siku tano zikaenda vivi hivi.

Tulihamia Buġibba, upande wa kaskazini, katika hoteli ya kawaida kabisa, jengo la saruji lisilo na uzuri wowote. Lakini lifti ilikuwepo, mlangoni hapakuwa na ngazi, na mbele yake palikuwa na njia tambarare ya kutembelea kando ya bahari. Kutoka hapo mama aliviona visiwa viwili vidogo vilivyo mdomoni mwa ghuba ya St Paul, pamoja na sanamu ya mtume. Alikaa kwenye benchi asubuhi nzima. Sikumsemesha.

Malta yote, na visiwa vyake vya Gozo na Comino, ina kilomita mraba 316, haifiki hata nusu ya Kaunti ya Nairobi. Usidanganyike na udogo huo. Magari yakisongamana, basi la kutoka Buġibba hadi Valletta huweza kuchukua karibu saa nzima. Anayetaka makanisa na makumbusho, tena ana miguu mizima, na alale Valletta. Sliema pana maduka na feri ya dakika chache ya kuvuka hadi Valletta, ingawa kelele za ujenzi ni nyingi. Paceville ni pa vijana wa disko. Ukipewa chumba cha bei ya kutupa huko, jua hutalala hadi alfajiri. Wenye watoto wadogo waende Mellieħa, kwa sababu fuo nyingi za Malta ni miamba, bali pale pana mchanga na maji ya kina kifupi.

Gozo nako ni kwingine. Feri kutoka Ċirkewwa huchukua kama dakika 25, na nauli hulipwa unapoondoka Gozo, si unapoingia. Huko hukodishwa nyumba za zamani za wakulima, za mawe, nyingine zikiwa na kidimbwi cha kuogelea. Familia mbili zikishirikiana, gharama hupungua sana. Lakini bila gari utakuwa mfungwa wa ratiba ya basi. Mkenya hatapata taabu ya kuendesha: huko pia hushika kushoto, na hata plagi za umeme ni zetu za miguu mitatu, masalio ya Mwingereza aliyeitawala Malta hadi 1964. Tena ukiona tangazo la chumba Gozo likipambwa kwa lile lango la mwamba baharini, tahadhari. Lango hilo liliporomoka Machi 2017.

Uliza pia habari za hewa. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 30, na nyumba isiyo na mashine ya kupoza hewa ni tanuri. Januari nyumba za mawe huwa na unyevu na baridi ya kuingia mifupani.

Siku ya mwisho tulikwenda soko la samaki la Jumapili, Marsaxlokk. Kimalta kina asili ya Kiarabu, na muuzaji alipokuwa akihesabu samaki mama alisikia sitta, sebgħa, kisha disgħa. Akanigeukia macho yamemtoka. "Huyu anahesabu Kiswahili!" akasema, na papo hapo akaanza kupatana bei, kwa Kiswahili chake cha Kenya, huku mimi nikitafuta kiti cha kumkalisha.