Pensheni, Kiinua Mgongo na Akiba: Mwalimu Ajue Lipi Lake

Kila mwaka baadhi ya wanafunzi wetu huhitimu na kuanza kufundisha Arua na Koboko, wengine katika shule za serikali na wengine katika shule za binafsi. Wote wanafundisha ngeli zilezile, lakini wakizeeka hawatalipwa kwa namna moja. Katika makala haya tunaeleza tofauti hiyo, kwani maneno yake huchanganywa mara kwa mara.

Aina ya kwanza ni pensheni ya utumishi wa umma, inayomhusu mwalimu aliyethibitishwa kazini na serikali. Mwalimu huyu hachangii. Malipo hutoka katika hazina ya serikali. Kinachohesabiwa ni mshahara wa mwisho na muda wa utumishi: mshahara wa mwaka huzidishwa kwa idadi ya miezi ya kazi, kisha hugawanywa kwa 500. Tuchukue mfano wa mwalimu aliyetumika miaka 25 (miezi 300) na kustaafu akipata shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Pensheni yake kamili ni 7,200,000 kwa mwaka. Theluthi moja, yaani 2,400,000, huzidishwa kwa 15, naye hupewa 36,000,000 kwa mkupuo. Hicho ndicho kiinua mgongo. Theluthi mbili zinazobaki humpa 400,000 kila mwezi, nayo ndiyo pensheni.

Aina ya pili ni NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1985. Mwalimu wa shule ya binafsi hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 10. Kwa mshahara uleule wa 1,000,000, akiba huongezeka kwa 150,000 kila mwezi, pamoja na riba. Afikapo miaka 55 hulipwa zote kwa mkupuo. Hakuna malipo ya kila mwezi baadaye, kwa hiyo neno linalofaa hapa ni akiba, si pensheni.

Tofauti hii ina uzito. Kwa pensheni, mshahara wa mwisho huamua mengi. Kwa akiba, kila mwezi ambao mwajiri hakupeleka mchango ni pengo ambalo mshahara mnono wa baadaye hauwezi kuliziba wenyewe. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, kila mwajiri anapaswa kuchangia, hata akiwa na mfanyakazi mmoja tu.

Ahamiaye serikalini naye akumbuke kwamba miaka ya shule ya binafsi haihesabiwi katika pensheni, ambayo hudai utumishi wa angalau miaka 10. Hata hivyo, akiba yake ya NSSF hubaki mali yake.

Tunawashauri wasomaji wetu wasisubiri mvi. Aliye serikalini atunze barua zake za kuajiriwa na kuthibitishwa. Aliye shule ya binafsi aombe taarifa ya akiba yake NSSF na kuilinganisha na hati za mshahara, mwezi kwa mwezi. Akiba haiozi, lakini isiyowekwa haipo.