Setilaiti ya Redio Iliyokuwa Juu ya Congo, na Somo Lake kwa Mkulima

Leo tunatoka shambani kidogo tuangalie juu, kisha tutarudi kwenye jembe letu.

Kuna swali naulizwa mara nyingi nikitembelea vikundi: "Bwana shamba, hivi haya madishi ya kwenye mapaa yanaongea na nini huko juu? Na hicho kitu mbona hakianguki?" Ni swali zuri, kwa sababu jibu lake linagusa mpaka taarifa ya mvua unayoisikia redioni kabla ya kupanda.

Kwa nini setilaiti haianguki

Setilaiti nyingi za matangazo ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kwa umbali huo, setilaiti inaizunguka dunia kwa muda uleule ambao dunia inajizungusha, yaani mara moja kwa siku. Inaendelea kuvutwa na dunia, ila kwa kuwa inakimbia karibu kilomita 3 kila sekunde, inaishia kuzunguka tu. Wewe uliyeko chini unaiona kama imesimama palepale. Ndiyo maana fundi akishalenga dishi lako na kukaza nati, halihitaji kugeuzwa tena.

Sasa hapa sisi tuna bahati. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, setilaiti ya aina hiyo inaweza kukaa juu sana angani kwetu. Marekani kaskazini inaonekana chini chini upande wa kusini, ghorofa na miti vinaikinga. Ndiyo sababu kampuni ya redio ya Sirius, mwaka 2000, ilirusha setilaiti tatu kwenye njia iliyorefuka kama yai, ili kila moja ikae karibu saa 16 kwa siku upande wa kaskazini mwa ikweta. Washindani wao, XM, walitumia setilaiti mbili za kusimama juu ya ikweta, wakaongeza mitambo ya ardhini mijini. Kampuni hizo ziliungana mwaka 2008.

AfriStar: redio ya setilaiti ya Afrika

Wengi hawajui kwamba Afrika ilitangulia. Tarehe 28 Oktoba 1998 ilirushwa setilaiti ya AfriStar ya kampuni ya WorldSpace, iliyoanzishwa na Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia. Ilikaa nyuzi 21 mashariki, yaani juu ya ikweta upande wa Congo. Ilikuwa na miale mitatu: mashariki, magharibi na kusini mwa Afrika. Ulihitaji redio yake maalumu yenye antena ndogo tu.

Uzuri wa matangazo ya setilaiti ni kama wa kipaza sauti cha gulioni: wasikilizaji wakiwa kumi au milioni kumi, gharama ya kutangaza ni ileile. Tena setilaiti haijali kama anayebebwa ni mwimbaji au ni takwimu. Hapo ndipo wataalamu wa hali ya hewa walipoona nafasi. Mradi wa RANET ulitumia AfriStar kupeleka taarifa za hali ya hewa vijijini kusikokuwa na intaneti. Redio iliunganishwa na kompyuta, taarifa zikashuka, kisha zikasomwa kwenye redio ndogo za jamii kwa lugha ya wenyeji. Nchini Kenya, kituo cha Kangema kilitokana na mpango huo.

Lakini biashara ya redio yenyewe haikulipa. Vifaa vilikuwa ghali kwa mwananchi wa kawaida. Oktoba 2008 WorldSpace iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Samara hakukata tamaa, baadaye alianzisha Yazmi, akilenga kutumia teknolojia hiyo kutuma masomo ya shule kwenye tableti. Ila kwa waliotegemea redio zile kupata taarifa, chombo kilibaki mezani kimya.

Kazi hiyo inafanywaje leo

Wazo halikufa. Setilaiti ya Meteosat, iliyo juu ya Ghuba ya Guinea, hupiga picha za mawingu ya Afrika kila baada ya dakika chache. Picha zinashuka Ulaya, zinachakatwa, kisha zinarushwa tena kwetu kupitia setilaiti za kibiashara, zilezile za aina inayobeba televisheni. Mfumo huo unaitwa EUMETCast. Mamlaka ya hali ya hewa inahitaji dishi, kipokezi na kompyuta tu, hata intaneti ikiwa imekatika.

Kutokana na picha hizo wataalamu hukadiria mvua: wingu lenye kilele cha baridi sana kwa saa nyingi mara nyingi ndilo lenye mvua.

Wewe ufanye nini?

Kwanza, usitegemee njia moja ya taarifa. Sikiliza redio ya eneo lako, pokea ujumbe wa simu, uliza ofisi ya kata. Kampuni moja ikifunga, usibaki gizani na mbegu mkononi.

Pili, kumbuka setilaiti inaona kilele cha wingu, haioni tone lililoanguka kwako. Weka kopo lenye pande zilizonyooka mahali pa wazi, pima kina cha maji kwa rula kila asubuhi, andika, kisha mwaga. Milimita 10 kwenye ekari moja ni zaidi ya lita 40,000 za maji! Jirani ng'ambo ya kilima anaweza kuwa hajapata hata tone.

Tatu, kabla ya kupanda, chimba kidogo uone unyevu umeshuka kiasi gani. Mvua ya kwanza imewatia wengi hasara: mbegu inachipua, jua linarudi, unanunua mbegu mara ya pili.

Mwisho, matangazo ya setilaiti huenda upande mmoja tu. Yanakuambia, lakini hayakusikii. Kwa hiyo daftari lako la mvua njoo nalo tukutanapo kwenye kikundi, tulinganishe na kilichotabiriwa. Kilicho angani na kilicho kwenye kopo lako vikikutana, hapo ndipo tunapanda kwa uhakika zaidi.

Una swali? Andika hapo chini, nitajibu. Msimu mwema.