Roboti Nyingi, Kazi Moja

Mara nyingi wanafunzi huniuliza hesabu za majira ya nukta na pembe zitawafaa nini watakapomaliza shule. Swali hilo ni la haki. Leo nataka kulijibu kwa kueleza somo moja linalofundishwa katika vyuo vikuu vingi duniani, nalo ni kuandika programu za roboti nyingi zinazofanya kazi pamoja, na kuzijaribu ndani ya kompyuta kabla ya kuzipeleka kazini.

Kwanza tujue roboti ni nini. Neno hili lilienea kutokana na mchezo wa kuigiza uitwao R.U.R., ulioandikwa na Karel Čapek wa Chekoslovakia mwaka 1920. Asili yake ni neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa. Siku hizi roboti ni mtambo unaofanya mambo matatu: hupima hali iliyouzunguka, huamua la kufanya kwa kufuata programu, kisha hutenda. Feni ya darasani si roboti, kwa maana huzunguka tu hata kama darasa ni tupu.

Kuongoza roboti moja ni kazi, lakini kuongoza nyingi ni kazi ya namna nyingine kabisa. Watu hudhani lazima awepo mkubwa mmoja wa kutoa amri. Lakini mkubwa huyo akiharibika, zote husimama. Kwa hiyo wataalamu wakaenda kujifunza kwa wadudu. Tazameni kichuguu. Malkia wa mchwa hutaga mayai, wala hatoi amri ya ujenzi. Kila mchwa huhisi palipo karibu naye, akaweka tonge lake la udongo. Mwaka 2014 Justin Werfel, Kirstin Petersen na Radhika Nagpal, wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, walionyesha roboti ndogo tatu zilizojenga kwa njia hiyo. Hakuna iliyojua mwenzake anafanya nini. Kila moja ilipima jengo lilipofikia, ikafuata kanuni zake. Mwaka huo huo, chuoni hapo hapo, roboti 1,024, kila moja ikiwa na upana wa sentimita 3 hivi, zilijipanga zenyewe katika umbo la nyota.

Sasa tufanye hesabu yetu wenyewe. Tuseme tunataka kusafisha mita 900 za ufuko wa Shangani, na kila roboti husafisha mita 3 kwa dakika. Roboti moja itamaliza kwa dakika 300. Tukiwa nazo tatu, tukaipa kila moja mita 300, zitamaliza kwa dakika 100. Vyema. Lakini je, moja ikiharibika mwanzoni kabisa? Mbili zitamaliza mafungu yao na kusimama, na mita 300 zitabaki na takataka zake.

Basi tubadili kanuni. Tugawe ufuko katika vipande 30 vya mita 30. Kila roboti ichukue kipande kisichochukuliwa na kuwatangazia wenzake, ikimaliza ichukue kingine. Sasa moja ikiharibika mwanzoni, mbili zilizobaki zitasafisha vipande vyote kwa dakika 150. Roboti ni zile zile, injini ni zile zile. Kilichobadilika ni kanuni tu. Tena tujiulize: tangazo lisiposikika itakuwaje? Huenda mbili zikachukua kipande kimoja. Hasara yake ni dakika 10 tu, na afadhali kazi ifanywe mara mbili kuliko isifanywe kabisa. Maswali ya namna hii ndiyo kiini cha somo lenyewe.

Nani atanunua roboti tatu ili ajaribu kanuni ambayo huenda ni mbovu? Hapo ndipo kompyuta inapotusaidia. Mwanafunzi huchora ufuko wa kuigiza, huweka humo roboti za kuigiza, akazitazama. Mahali pa kila roboti hujulikana kwa majira ya nukta, na inakoelekea kwa pembe. Zile hesabu mlizoniuliza ndizo hizo! Programu za uigaji ziko nyingi. Gazebo ilianzwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Southern California, na NetLogo, iliyo nyepesi zaidi, ilitolewa na Uri Wilensky mwaka 1999. Zote mbili hupatikana bila malipo. Lakini mchanga wa kompyuta haunasi gurudumu kama wa Shangani, wala chumvi yake hailii chuma. Uigaji huonyesha kosa la kanuni mapema. Hauondoi haja ya kwenda ufukoni.

Msidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupiga picha za visiwa vyake kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki. Ndege hizo zilifuata mistari iliyopangwa kwa kompyuta, na picha zilipandana kidogo ili ziungwe kuwa ramani. Kugawa eneo ili pasibaki pengo ni hesabu ile ile ya ufuko wetu.

Wazazi wataniuliza kama mitambo hii haitawanyang'anya watoto wao kazi. Sitawaficha, kazi nyingine zitapungua. Lakini roboti haijui lililo jema mpaka mtu aiandikie kanuni. Kama watoto wa Mtwara hawatakuwa miongoni mwa waandikaji, wataandikiwa na wengine, nao wasioijua bahari yetu wala korosho zetu.

Ndugu wanafunzi, anzeni bila kompyuta. Chukueni karatasi ya miraba 30, na punje za mahindi ziwe takataka. Watatu wawe roboti, wafuate kanuni iliyoandikwa tu, bila kusema neno lisiloruhusiwa na kanuni. Katikati ya mchezo mwondoeni mmoja. Kama kazi itakwisha, kanuni yenu ni nzuri. Kama haitakwisha, iandikeni upya, kisha mniletee zote mbili tuzilinganishe.