Mazoezi ya Baiskeli Wakati wa Mvua

Kilwa ikitajwa, watu aghalabu hufikiri bahari na magofu ya Kisiwani. Lakini wilaya hiyo ina milima pia. Ndani yake imo Milima ya Matumbi, ambako Vita vya Maji Maji vilianzia, kijijini Nandete, mwaka 1905. Na katika bara ya Lindi kuna uwanda wa juu wa Rondo. Njia za udongo, mawe na miinuko si haba kwa kijana mwenye baiskeli ya milimani.

Kikwazo chake ni mvua. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata hata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi, pale Somanga. Majira kama hayo wengi huiweka baiskeli kando mpaka ardhi ikauke, kisha hutaka kupanda mlima kwa nguvu walizokuwa nazo zamani. Hapo ndipo magoti huumia na moyo huelemewa.

Dawa yake ni kufanya mazoezi ndani ya nyumba. Fundi wa kuchomea vyuma aweza kuunda fremu imara inayoshika ekseli ya gurudumu la nyuma, yenye rola inayogusa tairi ili pedali ziwe nzito. Stendi ya kawaida ya baiskeli haikuundwa kwa kazi hiyo, usiitumie. Watoto nao wasikaribie, kwani mnyororo na spoki zinazozunguka hukata vidole.

Dakika 45, mara mbili au tatu kwa juma, zatosha. Anza polepole kwa dakika 10. Kisha piga pedali kwa nguvu dakika 4 na kwa wepesi dakika 3. Rudia hivyo mara nne. Malizia kwa dakika 7 za polepole. Mwenye maradhi ya moyo au shinikizo la damu amwone daktari kwanza.

Yafaa ieleweke kwamba ndani ya nyumba hakuna upepo wa safari, na joto la pwani ni zito. Fungua madirisha, uweke na feni ikiwezekana. Jipime uzito kabla na baada ya zoezi: kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya maji uliyopoteza kwa jasho.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nguvu za mwili nazo ni mali. Kila alfajiri, kabla ya kuinuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, uhesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja, uyaandike. Baada ya zoezi andika gea, muda, mizunguko ya pedali kwa dakika na mapigo ya moyo. Ukiona baada ya majuma kadhaa kwamba kazi ile ile yafanywa kwa mapigo machache zaidi, jua umepata nguvu. Lakini mapigo ya alfajiri yakizidi kawaida yako kwa 8 au 10, pumzika: mwili haujapona, au homa inanyemelea.

Ziko mashine za kisasa zinazopima nguvu kwa wati na kupeleka hesabu kwenye simu. Mwenye uwezo anunue. Asiye nao, saa ya ukutani na kalamu vyatosha.

Wala usidhani mchezo huu ni wa Ulaya pekee. Adrien Niyonshuti wa Rwanda alimaliza mashindano ya baiskeli za milimani katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Chris Froome, mshindi wa Tour de France mara nne, alizaliwa Nairobi, na ujanani alifundishwa na Mkenya David Kinjah.

Basi, mvua isiwe kisingizio. Mume na mke waweza kupokezana baiskeli moja, kila mmoja na ukurasa wake daftarini. Mvua zikikatika, pandeni mlima kwa kadiri daftari linavyoruhusu.