Ukoka Ulioufukuza Mrehani

Kosa ni langu mwenyewe, wala sitamsingizia mtu. Mwaka 2009 nilipoitengeneza nyumba yetu Mombasa, niling'oa mirehani yote ya mama iliyokuwa uani, nikapanda ukoka. Nilitaka uwanja wa kijani kama ule niliouona katika majumba ya wakubwa. Mama hakugomba. Aliokota shina moja, akalipachika katika kopo la samli, akaliweka kando ya birika.

"Haya, baba," akasema, "lakini huo ukoka wako utaunusa?"

Msomaji mpenzi, ukoka ni mgeni mwenye njaa. Wataka maji kila jioni, wataka kukatwa, na harufu hauna ila siku hiyo ya kukatwa. Maji yetu ya mfereji huja leo, kesho hayapo. Ilipofika Februari, kaskazi imekwisha kukausha kila kitu, uwanja wangu ulikuwa na rangi ya kamba ya usumba. Nami nikawa nanunua maji ya mkokoteni, nikiyamwaga chini!

Nilidhani nafuata ustaarabu wa Kizungu. Kumbe Waingereza wa kale walipenda mimea ya kunukia chini ya nyayo zao. Francis Bacon, katika insha yake juu ya bustani iliyochapwa mwaka 1625, alishauri njia nzima zipandwe mimea ya namna hiyo, ikiwemo zaatari ya mwitu na nanaa ya majini, ili mtu akiikanyaga harufu ipande. Walikuwa pia na kamomili, ambayo Waarabu huiita babunaji. Iko aina yake moja ya huko Cornwall, iitwayo Treneague, isiyotoa maua kabisa. Hutambaa chini kama mkeka, na haina haja ya kukatwa kila mara. Na hata katika karne iliyopita, mshairi Vita Sackville-West, ambaye yeye na mumewe walinunua Sissinghurst mwaka 1930, alitandika pale uwanja wa zaatari.

Mashine ndiyo iliyoupa ukoka nguvu. Zamani nyasi zilikatwa kwa mundu mrefu, au zililiwa na kondoo. Mwaka 1830 Edwin Budding akapata hati ya uvumbuzi wa mashine ya kukatia nyasi, na tangu hapo uwanja wa nyasi ukawa rahisi kutunzwa. Basi mimi nilikuwa nimeuiga mtindo wa mashine, hali mashine yenyewe sina.

Na kwetu je? Sisi tuliolelewa kwa kikuba cha asumini, rehani na mkadi, tuliolihifadhi neno rehani chuoni katika Sura ya Ar-Rahman kabla ya kuzijua a, e, i, o, u, tulikuwa na haja gani ya kufundishwa harufu na mtu?

Mwaka jana niliung'oa ukoka. Sikupanda babunaji, joto letu haliiwezi, nami sitaki kumpotosha mtu. Mrehani nao haukanyagiki, matawi yake hukatika. Huo ni mti wa kuguswa na upindo wa kanzu mtu apitapo. Kwa hiyo niliupanda pembezoni, na kivumbasi nikakiweka mlangoni, maana wazee hukichoma kufukuza mbu. Katikati nikatandaza vipande vya mawe, na baina yake, upande wa birika wenye kivuli, nikatia nanaa. Hiyo hunywa maji ya udhu, tena hutambaa, na ukiikanyaga kidogo haifi. Upande wa jua ilinikataa mara mbili, nikauacha mchanga mtupu.

Mbegu za mrehani sikununua. Mama alifariki mwaka 2016, lakini dada yangu alikuwa akizichuma za lile kopo kila mwaka na kuzipanda upya.

Juzi mjukuu wangu alirudi chuoni mbio, miguu mitupu, akakatiza uani. Penye nanaa akasimama ghafla, akashika ukuta, akainua wayo wake akaunusa.