Klachi ya Jumatatu

Kwenye mwinuko wa kutoka Mai Mahiu kwenda Rironi, pale njia ya kupanda inapogawanyika mara mbili, nilipata nafasi ya kulipita lori la mahindi. Nikaingiza gia ya nne, nikakanyaga mafuta. Mshale wa mizunguko ya injini ukaruka kutoka 3,500 hadi 5,000. Mshale wa mwendo haukutikisika. Injini ililia, gari likabaki pale pale ubavuni mwa lori, kisha ikaingia ile harufu kali ambayo kila aliyewahi kuinusa haisahau: ngozi ya klachi inayoungua. Nikapunguza mafuta, nikarudi nyuma ya lori, nikapanda taratibu hadi juu.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya 2003, injini ya lita mbili yenye turbo, gia tano za mkono. Klachi iliyokuwamo ilikuwa ile ya kiwandani. Haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimeongeza nguvu ya injini kwa kuiandika upya kompyuta yake na kubadilisha ekzosi, nisijiulize hata siku moja ni nani atakayeibeba nguvu hiyo kuifikisha kwenye magurudumu.

Siko peke yangu. Kenya inaipenda Subaru kwa sababu zinazoeleweka. Mwaka 1993 Patrick Njiru alikimbiza Subaru Vivio, kigari kidogo kabisa, katika Safari Rally na kushinda daraja lake. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari kwa Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda kwa gari la jina hilo hilo. Mtoto aliyesimama kando ya barabara ya vumbi kuyatazama magari hayo leo ni mtu mzima mwenye ufunguo wa WRX mfukoni. Huanza kwa turbo na ekzosi, kwa kuwa hivyo vinasikika. Klachi haisikiki, basi hungoja hadi ilalamike.

Hesabu ya kushika

Klachi ni kitu chepesi kuelewa. Flaiwili imefungwa nyuma ya krankshafti ya injini, na presha pleti imefungwa juu ya flaiwili. Katikati ya hizo mbili imo pleti yenye ngozi pande zote mbili, iliyovalishwa kwenye meno ya shafti ya giaboksi. Ukiachilia pedali, springi ya presha pleti huibana ile pleti, na vyote vitatu huzunguka kama kitu kimoja. Ukikanyaga, mbano huachia, na injini huzunguka peke yake.

Kiasi cha nguvu ambacho klachi inaweza kushika hutokana na mambo manne tu: idadi ya nyuso zinazosuguana, ukali wa ngozi, nguvu ya mbano, na umbali wa ngozi kutoka katikati. Chukua mfano wa pleti ya milimita 230, ambayo ndiyo saizi ya WRX ya gia tano. Ina nyuso mbili. Ngozi ya kawaida tuipe kipimo cha msuguano cha 0.3. Mbano tuseme ni nyutoni 7,000, na wastani wa umbali kutoka katikati ni milimita 96. Zidisha vyote, utapata takriban nyutoni-mita 403.

Sasa linganisha. WRX ya kizazi hiki iliyouzwa Japani ilitoka kiwandani na takriban nyutoni-mita 333. Kwa hiyo klachi ya mfano wetu ina akiba ya kama asilimia 20, na hicho ndicho watengenezaji hupenda: akiba ya kutosha kustahimili joto na uchakavu, bila kuzidi. Ukiipandisha injini hadi nyutoni-mita 400, akiba yote imekwisha. Siku ya kwanza hutaona kitu. Siku ngozi imepata moto mlimani, inateleza.

Jina kwenye boksi

Nilipoanza kutafuta klachi nyingine, muuzaji mmoja wa spea alinitolea boksi lililoandikwa "Steji 3". Ndani mlikuwa na pleti isiyo na ngozi ya mviringo. Badala yake ilikuwa na vibonge sita vya seramiki, na katikati haikuwa na springi hata moja. Ilipendeza macho. Ilionekana kama kitu kilichotoka kwenye gari la mashindano. Mwamba ngoma huivutia kwake, naye alinihakikishia kwamba hii ikifungwa haitateleza tena maisha yangu yote.

Alisema kweli, na hapo ndipo penye tatizo.

Kwanza, neno "steji" halina kipimo cha pamoja. Kila kampuni hujipangia ngazi zake. Steji 2 ya huyu inaweza kuwa dhaifu kuliko steji 1 ya yule. Kinachofaa kuulizwa ni namba moja tu: klachi hii inashika nyutoni-mita ngapi? Muuzaji akishindwa kuitaja, na boksi lisiitaje, rudisha boksi rafuni.

Pili, kila ngozi ina tabia yake. Ngozi ya ogani, ile ya kawaida ya nyuzi zilizoshikanishwa kwa gundi, hushika polepole na kukusamehe ukikosea mguu. Kevla hudumu sana na haiumizi flaiwili, lakini inataka subira ikiwa mpya, na ukiichoma moto mara moja haipendi kurudi hali yake. Seramiki na shaba hustahimili joto kubwa na hung'ang'ania kwa ghafla. Huiweki nusu. Ama imeshika, ama haijashika. Na springi za katikati ya pleti zipo kwa kazi maalumu: humeza mtikisiko wa injini kabla haujafika kwenye meno ya gia. Pleti isiyo na springi hupeleka kila pigo moja kwa moja.

Fundi wangu, mzee ambaye mikono yake imefungua giaboksi nyingi kuliko anavyokumbuka, hakuangalia boksi hata kidogo. Aliniuliza maswali.

"Bosi, gari hili linakupeleka wapi?"

"Kazini, fundi."

"Kwa njia gani?"

"Mombasa Road."

"Saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi."

Akatikisa kichwa. "Basi umeshajijibu. Nunua klachi ya Jumatatu. Ya Jumapili itakuvunjia mguu kwenye foleni, halafu itakuvunjia giaboksi."

Hilo la giaboksi si tishio la bure. Wapenzi wa WRX duniani kote wanajua kwamba giaboksi yake ya gia tano ndiyo udhaifu wake. Ile ya gia sita ya Impreza STI ni ngumu zaidi. Klachi inapoteleza kidogo pale unapoachilia pedali kwa nguvu, humeza pigo. Ukiweka klachi isiyoteleza kamwe, pigo halijapotea. Limehamia kwenye meno ya gia. Klachi ni kama fyuzi ya nyumba: ukitoa fyuzi na kuweka msumari, taa hazitazimika tena, ila siku nyaya zikizidiwa ni nyumba inayoungua.

Tukakubaliana: pleti ya ogani yenye springi, na presha pleti yenye mbano wa asilimia 25 zaidi. Rudia ile hesabu, 403 zinakuwa 504. Kwa injini ya nyutoni-mita 400, hiyo ni akiba ya asilimia 26. Hata mbano ungeweza kuzidi, na madhara yake yapo: pedali huwa nzito, na beringi inayozuia krankshafti isisogee mbele na nyuma hubeba mzigo zaidi kila unapokanyaga. Flaiwili nyepesi tuliikataa pia. Huifanya injini ipande haraka, lakini gari hukosa uzito wa kuliondoa mahali, na Nairobi ina milima mingi ya kuondokea.

Chini ya gari

Kazi ilianza Jumamosi asubuhi. Betri ikafunguliwa, intakula iliyoko juu ya injini ikatolewa, kisha stata. Gari likanyanyuliwa na kukalishwa kwenye stendi nne, kwani jeki peke yake haiaminiki kwa mtu anayelala chini. Oili ya giaboksi ikamwagwa kwenye beseni. Fundi akalivuta beseni kando, akalifunika kwa gazeti. "Hiyo tutaisoma baadaye," akasema.

Propshafti ikashuka, shafti za magurudumu zikachomolewa, injini ikategemezwa. Kisha tukafika mahali ambapo mafundi wengi hukwama. Klachi ya WRX hii haisukumwi, huvutwa: beringi ya kuachilia imejibana ndani ya vidole vya presha pleti. Ukifungua bolti zote na kuvuta giaboksi, haitoki, na asiyejua huchukua mtaimbo. Fundi wangu alichukua ufunguo wa pembe sita wa milimita 10, akafungua kizibo kidogo ubavuni mwa giaboksi. Ndani mlionekana ncha ya kishafti kinachobeba uma wa klachi. Akakikazia bolti nyembamba ya milimita 6, akavuta kama anayeng'oa mwiba. Kishafti kikatoka, uma ukalegea, na giaboksi ikarudi nyuma bila ugomvi.

Vumbi la klachi ya zamani hakulipuliza kwa upepo. Alilifuta kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu vumbi la ngozi za zamani linaweza kuwa na asbesto, na mapafu hayana spea. Pleti yangu ilikuwa imeliwa karibu na vichwa vya riveti. Flaiwili ilikuwa na madoa ya buluu, alama za joto, ikapelekwa kuchongwa iwe bapa. Nyuma yake akakagua sili ya krankshafti na kifuniko cha plastiki kilichoko pale, akavibadilisha vyote viwili. Tone moja la oili likiifikia ngozi mpya, kazi yote ni bure.

Kabla ya kufunga, aliivalisha pleti mpya kwenye shafti ya giaboksi kwa mkono, kuona kama inateleza vizuri kwenye meno. Soko letu lina maboksi yanayofanana na ya kweli, na hapo ndipo pa kugundua, gari likiwa bado wazi. Bolti za flaiwili zikakazwa hadi nyutoni-mita 72. Pleti ikaelekezwa upande wake, ikashikiliwa katikati na kijiti cha plastiki. Bolti za presha pleti zikakazwa kidogo kidogo kwa kukingamana, hadi nyutoni-mita 15.7 tu. Ni ndogo kiasi kwamba mtu mwenye pupa huzikata.

Wakati wa kurudisha giaboksi, watu wawili waliishika isining'inie kwenye shafti yake, maana uzito huo hupinda kitovu cha pleti. Ilipokaa, fundi akauvuta uma kwa mkono. Kukasikika mlio mfupi wa chuma: beringi imeingia mahali pake. Akauvuta tena kuhakikisha, ndipo akaanza kukaza bolti.

Kilomita 800

Klachi mpya haijui kushika hadi ngozi na chuma zizoeane. Nilipewa amri ya kilomita 800 za mjini, za kusimama na kuondoka, bila kukanyaga mafuta hadi chini na bila kuondoka kwa fujo. Barabara kuu hazihesabiki, kwa kuwa huko klachi hukaa imefungwa muda wote. Foleni ya asubuhi niliyokuwa nikiilaani ndiyo iliyonifanyia kazi hiyo, kilomita 20 kwa siku. Pedali imekuwa nzito kidogo kuliko zamani, lakini mguu unajua hasa mahali inapoanza kushika.

Jioni ile ya Jumamosi, kabla sijalipa, fundi alilifunua beseni. Akachukua sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu, akaipitisha polepole ndani ya oili kuukuu, akaiinua kwenye mwanga wa taa. Ilitoka na uji mwembamba wa kijivu, ule wa kawaida wa gari lililotembea. Hakukuwa na chembe ya jino la gia.

Akaiweka sumaku kando ya pleti iliyoliwa, akaniacha niangalie vyote viwili. Miezi yote ile ya nguvu niliyoongeza bila hesabu, kuna kitu kilikuwa kikiumia. Ilikuwa pleti, na hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa.